Vidole vya Mama Pacha

Mteja aliinuka kitini kichwa kikiwa kimesukwa nusu. Upande wa kushoto mistari ilikuwa imenyooka na kulala vizuri, kama shamba lililolimwa na mtu mwenye subira. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimesimama zote, zinashangaa. Alikuwa mke wa mwenye bucha, mwanamke mwenye sauti, na siku hiyo sauti yake aliitumia yote.

"Hicho nini kwenye kidole chako?"

Mama Pacha akakunja ngumi. "Chunjua tu, dada."

"Chunjua tu! Na umenishika kichwa tangu asubuhi!"

"Keti basi nikumalizie. Huwezi kutoka hivyo."

"Natoka hivi hivi!"

Na kweli akatoka hivyo hivyo, nusu bibi harusi, nusu kichaka, akikatiza barabara huku wapita njia wakimpisha kama gari la zimamoto.

Mumewe Mama Pacha aliyaona yote kupitia upenyo wa pazia. Chumba cha mbele cha nyumba yao kiligawanywa kwa pazia hilo: huku kiti cha msusi, kioo na vichana; kule friji za watu zilizokufa zikisubiri kufufuliwa. Mtaa ulimwita Baridi. Jina lilikuwa la kazi yake, si la tabia. Kwa tabia alikuwa mtu wa joto, mtu wa kucheka kabla kichekesho hakijaisha. Alipomwona mteja akitoka na nusu kichwa, kicheko kilimpanda hadi kooni. Kisha akamwona mkewe, amekalia kile kiti cha wateja, mikono ameificha kwapani. Kicheko kikarudi kilikotoka.

"Mke wangu, atarudi tu. Atajiona kwenye kioo."

"Hatarudi. Na atasema."

Akasema. Mtaani neno halilali njaa. Kufikia adhuhuri wateja wawili walikuwa wameumwa na kichwa ghafla, mmoja kafiwa na mtu asiyemtaja, na muuza mkaa alimrushia Mama Pacha chenji mezani badala ya kumpa mkononi. Hilo la chenji ndilo lililomkata maini. Jioni simu ikalia. Alikuwa shangazi wa bibi harusi.

Hapo ndipo palipokuwa na moto. Binti wa mwenye duka la mbao alikuwa anaolewa Jumamosi, na Mama Pacha ndiye aliyepewa kumsuka yeye, dada zake, na shangazi mwenyewe aliyeiendesha harusi ile kama kamanda. Ile ilikuwa kazi ya kumtoa msusi uani na kumweka barazani. Ukiifanya vizuri, hutafuti tena wateja. Wanapigania nafasi wao kwa wao.

"Nasikia una vidole vya chura," shangazi alisema. Salamu hakuwa nayo.

"Ni chunjua, shangazi. Kidogo tu."

"Mimi sitaki kidogo, sitaki kingi. Jumamosi utakuwa nazo au huna?"

Mama Pacha alimtazama mumewe. Baridi, asiyejua swali lilikuwa nini, akamtingishia kichwa kwa moyo wote.

"Jumamosi nitakuwa sina," akasema.

Akakata simu na kuvitazama vidole vyake. Kubwa lao ilikaa kwenye kidole cha shahada, kavu na ngumu, na ndogo zimejipanga nyuma yake kama vifaranga. Zote zilionekana kustarehe.

*

Baraza likakaa jikoni. Mwenyekiti alikuwa mama mzazi wa Mama Pacha, aliyeishi nao na aliyejua dawa ya kila kitu isipokuwa ya kunyamaza.

"Kitunguu saumu," alisema. "Unakiponda, unakifunga juu yake kwa kitambaa. Inatoka na mizizi yake, inakuaga."

"Mama, una uhakika?" aliuliza Baridi kwa adabu.

"Mkwe, mimi nimezaliwa lini na wewe umezaliwa lini?"

Kikapondwa. Mama Pacha akafungwa vidole vitatu, akashinda na mkono juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Nyumba nzima ikanuka mchuzi. Pacha wao, wasichana wawili waliokuwa wakigombania kila kitu duniani, siku hiyo waligombania nani asikae karibu na mama. Kisha jirani mchomelea vyuma akachungulia dirishani na kushauri maji ya betri. Fundi viatu akashauri kuifunga chunjua kwa uzi na kuikaza kila siku mpaka ichoke kuishi. Mtu wa tatu, ambaye hakuna aliyemjua na ambaye alikuwa anapita tu, alisema ni laana ya kuhesabu nyota.

"Mimi nyota sijawahi hata kuziangalia!" Mama Pacha alilalamika. "Nina muda huo?"

Walipofungua kitambaa kesho yake, ngozi ya pembeni ilikuwa imeungua, nyekundu kama nyanya. Katikati ya uharibifu ule, chunjua ilikuwa imekaa palepale, haina hata mkwaruzo, kama chifu aliyenusurika vita.

Mama Pacha akaanza kulia. Kisha kilio kikateleza, kikawa kicheko, akacheka hadi akashika meza. "Imenona!" alisema. "Mama, umeilisha!"

Mama yake akanuna, akasema vitunguu vya siku hizi havina nguvu.

*

Baridi ndiye aliyekwenda duka la dawa kutafuta mafuta ya kupoza ule uchungu. Muuza dawa, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimpa tyubu ndogo na kumwambia, kwa kupitisha mazungumzo tu:

"Mpelekeni kliniki ya ngozi. Siku hizi chunjua wanazigandisha. Kwa baridi kali sana. Inakufa, inadondoka."

Baridi alisimama pale mlangoni, watu wakimsukuma kupita. Kugandisha? Kwa baridi? Na yeye ni nani? Miaka yote ile ya kuinama nyuma ya friji za watu, akipigwa na vumbi na mende, kumbe alikuwa anasomea udaktari! Alirudi nyumbani akitembea kwa miruko.

Hakumwambia mtu. Kwanza alikuwa mwoga wa kuchekwa, na pili, ingawa wazimu ulikuwa umempanda, mapenzi yalikuwa yameketi juu yake: vidole vya mkewe asingevigusa kwa kitu ambacho hajakijaribu. Na bahati njema, au mbaya, pembeni mwa kidole gumba cha mguu wake alikuwa na kinundu alichokiita sugu ya kiatu. Alikitazama vizuri. Kikamtazama. Walikuwa ndugu na vile vya Mama Pacha, wa tumbo moja.

Upande wa pili wa pazia Mama Pacha alikuwa akimsuka mteja pekee aliyebaki mwaminifu, mwalimu mstaafu asiyeona vizuri. Baridi alivua kiatu, akavuta mtungi wa gesi ya friji, akaelekeza mpira kwenye kinundu, akafungua koki.

Mwanzoni alisikia baridi ya kupendeza. Kisha hakusikia kitu. Alikuwa bado anajipongeza kwamba haumii, hapo ndipo kidole kilipozinduka.

"Mamaaa!"

Akapita kwenye pazia kwa mguu mmoja, pazia lenyewe likamfuata, limemfunika kichwa. Akakizunguka kiti cha mteja, akaligonga beseni la maji, akatua kwenye rundo la nywele za bandia.

"Nani huyo?" aliuliza mwalimu mstaafu.

"Mume wangu," alisema Mama Pacha.

"Ana furaha," alisema mwalimu.

Mwalimu alipokwisha kusukwa na kuaga, Mama Pacha alimkalisha mumewe na kukishika kile kidole. Lengelenge lilikuwa limevimba kubwa kama zabibu. Alilitazama, akautazama mtungi, akamtazama yeye.

"Baba Pacha. Ulitaka kunigandisha vidole?"

"Ndiyo maana nilianza na mimi."

Mama Pacha alitaka kukasirika, na alikuwa na haki zote; mdomo aliufungua kabisa. Lakini yule mwanamume alikaa pale amefunikwa na pazia begani kama mfalme aliyepinduliwa, mguu juu, macho yamejaa machozi, anamtazama kuona kama amemsamehe. Mama Pacha akainama, akapuliza kile kidole taratibu, kama wanavyopulizwa watoto.

"Kesho kliniki," akasema. "Sote. Nisije nikabaki mjane kwa ajili ya chunjua."

*

Kliniki ya ngozi ilikuwa chumba kimoja chenye benchi refu ukumbini, na familia nzima ikaingia, pacha na bibi yao wakiwemo. Tabibu alikuwa binti mdogo, mwenye sauti ya chini na macho yaliyoonyesha kwamba hakulala vya kutosha. Aliviangalia vidole vya Mama Pacha kwa lenzi, akakiangalia kidole gumba cha Baridi, akauliza kilipatwa na nini. Aliposikia, akaiweka lenzi mezani, akageuka kidogo ukutani, mabega yakamtikisika. Aliporudi alikuwa mkali.

"Baba, ungepoteza kidole. Gesi ile si dawa. Usirudie."

"Sirudii, daktari."

"Nyumbani nani mwingine anazo?"

Wakatazamana. Ndipo pacha mmoja alipoinua goti lake na kuonyesha, na mwenzake, asipitwe, akasema, "Bibi anayo kwenye kisigino! Anaisugua kwa jiwe!"

"Ile ni sugu ya heshima," bibi yao alisema. "Mimi nimetembea sana."

"Mama, naomba nione," tabibu alisema.

"Mbele ya mkwe wangu?"

"Mimi natazama dirishani, mama," Baridi alisema haraka, akageuka na mguu wake uliofungwa, akasimama kama askari wa gwaride. Nyuma yake alisikia kiatu kikivuliwa, soksi, kisha sauti ya tabibu: "Hii mama wa zote."

"Nilijua," alisema mama mkwe, na kulikuwa na majivuno kidogo katika kusema kwake.

"Jiwe la kusugulia miguu, mnalo moja?"

"Moja. La familia."

"Na taulo?"

"Moja," alisema Mama Pacha kwa sauti ndogo. "Kubwa."

Tabibu akawaeleza bila kuwasimanga. Ni kirusi, alisema. Kinaingia kwenye mchubuko mdogo tu wa ngozi, kikikuta maji maji kinafurahi zaidi. Hakitoki kwa chura, si laana, wala si uchafu wa mtu. Wasafi nao wanacho. Msusi anayejichuna vidole kwa kichana na uzi kutwa, huyo kirusi anamwona kama mlango ulioachwa wazi.

"Sasa tunafanyaje?" aliuliza Mama Pacha.

"Zipo njia. Unaweza kuziacha. Nyingi huondoka zenyewe mwili ukishazitambua, ila inaweza kuchukua miezi, hata zaidi ya mwaka. Au nakupa asidi ya kupaka, ile ya dukani kwa kazi hii, si ya betri." Hapa alimtazama Baridi, ambaye safari hii hakuwa na kosa. "Unaloweka kidole maji ya uvuguvugu, unasugua ngozi iliyokufa, unapaka juu ya chunjua peke yake, unafunika. Kila siku, bila kuchoka. Au tunagandisha hapa, kwa dawa yake na kipimo chake. Wiki kadhaa baadaye unarudi tena, na pengine tena. Kuchoma na kukata pia kupo, lakini kunaacha kovu, na zinaweza kurudi. Vidole vyako ni kazi yako. Mimi huko nisingekimbilia."

"Ipi inazimaliza kabla ya Jumamosi?"

"Hakuna."

"Hata kugandisha?"

"Nikikugandisha leo, Jumamosi una malengelenge. Hutashika hata sindano, sembuse kichwa cha mtu."

Chumba kikapoa. Mama Pacha alikaa akiitazama mikono yake magotini, viganja juu, kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyeisahau pale.

"Ila kazi unaweza kufanya," tabibu aliongeza. "Funika kwa plasta, vaa mipira ya mikono, nawa, vichana vyako visafishwe kila mteja. Hatari inabaki ndogo sana. Ila wewe ndiye utakayemwambia mteja au usimwambie. Hiyo mimi sina dawa yake."

Mama Pacha akachagua asidi.

*

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Baridi alijaribu. "Sema umejikata. Plasta ni plasta, nani atafunua?"

Alilifikiria. Alilifikiria kwa muda mrefu hadi Baridi akaanza kutumaini. Kisha akatingisha kichwa.

"Nilishamdanganya mara moja kwenye simu, na tangu hapo sijala vizuri. Nikiongeza na huu wa pili, nitasuka nikiwa natetemeka. Mistari itapinda. Twende."

"Wapi?"

"Kwa bibi harusi."

Nyumba ya mwenye duka la mbao ilikuwa kama soko linalohamishwa. Viti vinaingia, masufuria yanatoka, mtu juu ya ngazi anapigilia kitambaa, mwingine chini anamwambia kimepinda. Shangazi alikuwa katikati, mkono kiunoni. Bibi harusi mwenyewe alikuwa amesahauliwa juu ya kreti la soda pembeni, anakula mkate mkavu.

"Umepona?" aliuliza shangazi.

"Hapana," alisema Mama Pacha. "Nilikwambia Jumamosi nitakuwa sina. Nilisema uongo, shangazi, nilikuwa naogopa. Nimetoka kliniki. Ni chunjua, inaambukiza, na inachukua wiki nyingi. Naweza kusuka kwa plasta na mipira ya mikono, na daktari ameridhia. Lakini sitaki umjue msusi wako kwa kusikia mtaani. Ukimtaka mwingine, nitakuletea mimi mwenyewe, namjua mzuri."

Kilichomuuma Baridi ni kwamba mkewe aliitoa mikono kwapani na kuinyoosha mbele, mbele ya wapiga misumari na wabeba viti, ili shangazi aone. Akasogea karibu yake, ingawa hakujua atamsaidia nini. Waliokuwa karibu wakarudi nyuma nusu hatua. Mtu mmoja akacheka puani.

"Mipira ya mikono!" alisema shangazi. "Unamsuka au unampasua?"

Ndipo kicheko kikatoka kule kwenye kreti la soda. Bibi harusi alikuwa anacheka mkate mdomoni, anacheka anapaliwa, mtu akampiga mgongoni.

"Shangazi, huyu ndiye!" alisema alipopata pumzi. "Mpambaji anasema maua yako njiani tangu juzi. Fundi cherehani kasema gauni limebaki vifungo tu. Nimelijaribu, lina mkono mmoja! Baba anasema hana wasiwasi, na analala na viatu. Kila mtu humu ananidanganya kwa upendo. Huyu peke yake kaja na ukweli wake mkononi. Namtaka yeye."

"Kichwa ni chako, lakini aibu ni yangu," alisema shangazi. Akafikiri. Akavuta kiti, akakaa, akafungua kitambaa chake cha kichwa. "Aanze na mimi. Hapa hapa. Nikiona sipendi, tunaagana."

Mama Pacha akanawa. Akajifunga plasta, akavaa mipira waliyopewa kliniki. Mwanzo ulikuwa wa vichekesho: nywele zilinasa kwenye mpira, mpira ukalia kama panya, shangazi akaruka. Baridi akatoa ile ya akiba, midogo zaidi, iliyobana vidole kama ngozi ya pili. Mama Pacha akavuta pumzi, akagawa nywele mstari wa kwanza, na mikono ikakumbuka kazi yake. Mazungumzo yakapungua. Mwenye nyundo akaacha kugonga. Shangazi alianza na mgongo ulionyooka kama ubao wa kaka yake. Mstari wa tatu kidevu kikashuka. Mstari wa tano kamanda wa harusi alikuwa anakoroma.

Hakuna sifa kubwa zaidi kwa msusi kuliko hiyo. Bibi harusi alitambaa hadi karibu, akanong'ona, "Usimwamshe. Ni mara ya kwanza nyumba imetulia wiki hii."

Jumamosi bibi harusi alitoka na kichwa ambacho watu walikizunguka kukitazama nyuma. Gauni lilikuwa na mikono yote miwili, mmoja ukiwa mrefu kidogo. Baridi alicheza kwa mguu mmoja mpaka watu wakadhani ni mtindo, na vijana wawili wakamwiga.

*

Baada ya hapo ikawa ni subira. Jiwe la familia lilitupwa shimoni. Kila mtu akapata taulo lake, na mama mkwe, aliyelipinga jambo hilo kama ubaguzi, ndani ya wiki moja akawa polisi wa mataulo, akisimama mlangoni mwa bafu na kudai kuona rangi ya taulo la kila anayeingia. Kila jioni familia ilikaa duara, mguu huu kwenye beseni lake, kidole kile kwenye kikombe chake, wakiloweka na kusimuliana. Asidi ilichoma kidogo, chunjua zikawa nyeupe, zikamenyeka, zikakonda. Zilipokonda zikakaidi. Kulikuwa na siku Mama Pacha alitaka kuacha. Siku hizo Baridi ndiye aliyemlowekea na kumpaka, ulimi nje kwa umakini, kama anayeziba tundu la bomba. Wateja nao walirudi mmoja mmoja, wakimkuta na mipira yake, na aliyeuliza alijibiwa.

Siku ya kurudi kliniki tabibu alikishika kidole cha shahada, akakigeuza kwenye mwanga, akakisogeza chini ya lenzi. Akakaa sana. Baridi alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu ingawa hapakuwa na sababu.

"Njoo uone mwenyewe, mama," tabibu alisema, akampa Mama Pacha lenzi.

Akainama. Pale ilipokuwa chunjua palikuwa na ngozi mpya, laini, na juu yake mistari ile ya kidole, myembamba mno, inapita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo bila kukatizwa na kitu.

"Mistari ikirudi hivyo, imekwisha," tabibu alisema. "Vidole vyako vyote vimepona. Mama yako ndiye bado."

"Yangu msiiharakishe," alisema mama mkwe. "Tumezoeana."

Mama Pacha hakusikia. Alimpa tabibu mkono. Hakumshukuru kwa maneno. Alimpa mkono tu, mkavu, wazi, bila plasta wala mpira, na tabibu akaupokea akautikisa. Mama Pacha akautazama mkono ule uliopokewa. Kisha akatoka ukumbini akampa mkono muuguzi. Akampa mkono mzee aliyekuwa ameketi benchini, mzee akauliza, "Tunafahamiana?" akajibiwa, "Sasa tunafahamiana!" Akampa mkono mama mwenye mtoto, kisha mtoto, aliyemshika kidole na kugoma kukiachia. Pacha wakadhani ni mchezo, wakaanza nao. Baridi akafuata nyuma akichechemea kwa mazoea, akipeana mikono na wale mkewe aliowaruka, na mlinzi wa geti, alipoona familia nzima inamjia mikono mbele, akaweka rungu chini na kunyoosha wake.